Sista Asiyelala

Kituo cha Afya
kupitia duka la Kuntai, Bisil
11 Aprili 2000

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwa vumbi. Natumai wewe na Mama mko salama na kwamba mguu wa Mama umeacha kufura. Mimi naendelea, Mungu anasaidia. Barua hii nampa Kuntai mwenye duka hapo Bisil. Ndiye anayetupelekea posta, na ukiandika kwa jina lake itanifikia siku ya soko.

Baba, mvua huku imekataa kabisa. Wanaume wamehama na ng'ombe, wengine wamefika hadi kwenu Kitengela na Nairobi. Waliobaki bomani ni wazee, akina mama na watoto, na wakiugua wote njia yao ni moja, kwetu. Tena kuna wale wanaorudishwa na jamaa zao kutoka mjini wakiwa mifupa tu. Hao hakuna dawa ya kuwapa. Tunawaosha na kuwageuza kitandani mpaka siku yao ifike.

Yule muuguzi mwenzangu alipewa uhamisho mwezi wa pili na hajaletwa mwingine. Wanasema serikali imeacha kuajiri. Tumebaki mimi na Oscar. Kwa cheo ni afisa wa kliniki lakini watu wote wanamwita daktari. Tangu hapo sijapata ofu ya kupumzika hata siku moja, na usingizi wenyewe umenikimbia. Nikilala nasikia mtu anabisha, nikienda mlangoni hakuna mtu.

Nataka kukuuliza jambo kwa sababu wewe ulifanya kazi hii kabla yangu. Jumanne iliyopita mtoto wa miaka miwili alinifia mikononi, surua na njaa pamoja. Nilimfunika, nikampa mama yake pole, nikaenda kunywa chai. Ile chai haikuwa na sukari na hilo ndilo lililoniudhi. Nilipomaliza kikombe nikakumbuka kwamba nimetoka kufunika mtoto. Je, wewe iliwahi kukupata hivyo?

Nafikiria kuomba likizo ya wiki mbili. Unaonaje?

Ni mimi binti yako,
Munyiva


Kitengela
23 Aprili 2000

Kwa binti yangu Munyiva,

Heri ya Pasaka. Mimi na mama yako tumetoka kanisani sasa hivi, tuko wazima, mguu umepoa. Tatizo letu ni maji. Tunanunua kwa mkokoteni na yana chumvi. Juzi simba walitoka kwa mbuga wakala mbuzi watatu wa jirani yetu, kwa hivyo mbuzi wangu nawafungia mapema.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mwanangu, kazi ya wagonjwa ni wito. Mimi nilifanya kazi ya dresa, ya kufunga vidonda, na baadaye ya uuguzi miaka thelathini na moja kule Machakos, na hakuna siku hata moja mgonjwa aliambiwa Mulinge hayuko. Mgonjwa hachagui siku ya kuugua. Tulikuwa wachache kuliko nyinyi na hatukuandika barua za kulia.

Hiyo habari ya chai ni ukomavu. Moyo unajifunga ngozi ngumu ili mkono ufanye kazi. Usiiogope. Kunywa uji wa wimbi, omba kabla ya kulala, na usingizi utarudi.

Kuhusu likizo, nakushauri ungoje. Mwaka huu wanapandisha watu vyeo, na anayeomba kupumzika wakati wa njaa ataonekana mvivu. Hapa mtaani watu wananiita Baba Sista. Usinitoe hiyo heshima.

Mama anakusalimu sana. Anasema ukipata nafasi ulale hata mchana.

Baba yako,
Mulinge


Kituo cha Afya
27 Mei 2000

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumai mko wazima. Leo sitasalimu sana kwa sababu nataka kumaliza kabla ya Kuntai kuondoka.

Alhamisi ya wiki iliyopita nusura kitokee kitu. Kuna mama mmoja anaitwa Nalangu, alikuwa amelazwa hapa na mtoto wake wa miezi minane, homa ya mapafu. Mtoto alikuwa anapewa penisilini ya sindano kila baada ya saa sita. Unga wa ile dawa tunauchanganya na maji yanayokuja katika vichupa vidogo vya glasi. Wiki hiyo sanduku la dawa kutoka wilayani lilikuwa limepakiwa ovyo. Kati ya vichupa vya maji kulikuwa na vya potasiamu. Wewe unajua potasiamu ikisukumwa kwenye mshipa wa mtoto inafanya nini. Moyo unasimama, na hakuna cha kuurudisha.

Mimi nilikuwa kazini siku ya tatu, nikilala kwa dakika dakika kwenye kiti. Nilivunja kichupa, nikavuta, nikachanganya, nikashika mkono wa mtoto. Sikusoma lebo. Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma lebo kabla hata sijaenda chuo, na sikusoma. Nilikuwa natazama lakini hakuna nilichokiona.

Nalangu alikuwa ameketi pale siku tatu akitazama kila ninachofanya. Kusoma hajui. Akanishika mkono polepole akasema, "Sista, hii si ile ya jana."

Nilitaka kumwambia asinifundishe kazi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Sijui nini kilinifanya nigeuze kile kichupa. Maandishi yalikuwa mekundu.

Niliimwaga ile dawa nikamwambia imeharibika. Nikachukua kichupa kingine, nikasoma lebo, nikampa mtoto sindano yake. Mtoto alipona na jana wamerudi nyumbani.

Nataka kumwandikia daktari mkuu wa wilaya nimweleze, ili vituo vingine vikague masanduku yao. Na nataka kumwambia Nalangu ukweli. Oscar anasema tungoje kwanza. Wewe unasemaje? Nijibu haraka.

Binti yako,
Munyiva


Kitengela
2 Juni 2000

Munyiva,

Usiandike kitu. Usimwambie huyo mama. Mtoto yuko hai, basi jambo limekwisha. Ukiandika utaitwa Kajiado, kisha Nairobi, watakunyang'anya cheti na hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa umechoka. Vichupa vyenye maandishi mekundu vifungie peke yake, na umwambie Oscar anyamaze.

Hii barua ichome.

Baba yako


Kituo cha Afya
19 Juni 2000

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema.

Potasiamu nimeifungia kwenye kabati na ufunguo ninao shingoni. Sasa nasoma lebo mara tano, mara sita. Nikishasoma naweka chini, halafu nasahau kama nilisoma, naanza tena. Foleni inafika mpaka kwa lango. Watu wananung'unika kwamba sista amekuwa mzito.

Nalangu alirudi wiki iliyopita, ametembea masaa matatu. Ameniletea kibuyu cha maziwa, ukame huu wote, ng'ombe aliyebaki ni mmoja. Alisema ni asante kwa sababu nilimponya mtoto. Aliweka mikono yangu kichwani mwa mtoto ili nimbariki. Maziwa sikuweza kuyanywa. Nilimpa Oscar.

Oscar naye hayuko sawa. Anaendesha ile pikipiki ya kituo kwenda kliniki za mbali na anarudi hakumbuki alipitia njia gani. Tulikuwa tunacheka pamoja. Siku hizi tunapeana faili tu.

Msinitarajie mwezi huu. Sina la kuandika.

Munyiva


Kitengela
9 Julai 2000

Kwa binti yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Sisi tuko salama, wasiwasi uko kwako. Nimeandika tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita na sijapata jibu. Mama yako anauliza kila siku ya posta, na mimi namwambia una kazi nyingi.

Si vizuri kunyamazia wazazi. Hata mistari miwili inatosha. Nilikujibu kwa ukali juu ya ile habari kwa sababu nakutakia mema. Utakapokuwa na watoto wako utaelewa.

Tuandikie.

Baba yako,
Mulinge


Kitengela
30 Julai 2000

Munyiva, mwanangu,

Jana nilipiga simu ya duka la Kuntai. Aliniambia barua zangu mbili ziko pale kwenye droo, hujazichukua, na kwamba siku za soko unamwona kwa mbali unageuka. Aliniambia pia kwamba akina mama wamekupa jina, wanakuita sista asiyelala.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako. Kaluki hajawahi kunipandishia sauti miaka thelathini na minne ya ndoa, na hata jana hakupandisha. Aliacha kuchambua maharagwe akaniambia, "Mulinge, mwambie mtoto ukweli, ama nitamwambia mimi." Kwa hivyo leo nakuandikia, na hii barua Kuntai ataileta mwenyewe hadi mlangoni kwako. Nimemwomba hivyo.

Mwaka wa 1974 wewe ulikuwa na miaka minne. Pale hospitalini tulikuwa na kipindupindu na wengi wetu walikuwa wameugua. Nilifanya kazi siku tisa mfululizo. Katika wodi ya wanaume kulikuwa na wagonjwa wawili wanaoitwa Kitonga. Mmoja alikuwa ameumizwa na gari na aliletewa damu. Mwingine alikuwa na malaria, damu imepungua kidogo tu, angeenda nyumbani wiki hiyo. Chupa ya damu ilikuwa na jina, Kitonga. Nilisoma jina moja nikatosheka. Nikamtundikia yule wa malaria, na haikuwa ya kundi lake.

Alianza kutetemeka. Alisema mgongo unamuuma. Mimi nilimwambia avumilie. Alikufa siku iliyofuata mchana. Katika faili iliandikwa malaria, na mkono ulioandika ni huu unaokuandikia. Hakuna aliyeniuliza.

Wiki mbili baadaye nilisimama kwa mlango wa wodi na miguu ikakataa kuingia. Nilijaribu siku tatu. Mama yako alinipeleka kwa mjomba wako Makueni, na huko nikachunga ng'ombe siku sitini na mbili bila kuzungumza na mtu. Nyinyi watoto mliambiwa Baba ameenda kozi Nairobi. Daktari mmoja mzee alinitunzia nafasi akaandika kwamba nina homa ya manjano. Niliporudi nilianza kusema kwamba sijawahi kukosa kazi. Nilisema mara nyingi mpaka nikaamini.

Uliniuliza kama habari ya chai iliwahi kunipata nikakujibu ni ukomavu. Haikuwa ukomavu, mwanangu. Niliijua vizuri na nikakudanganya. Wewe una jina la mama yangu mzazi, na nilikutuma urudi mahali nilipokuwa mimi nimetoroka.

Jumatano nakuja kukuchukua.

Baba yako


Kajiado
10 Septemba 2000

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Najua niliondoka vibaya na kwamba mliamka mkakuta kitanda kitupu na karatasi juu ya meza. Nisameheni. Niko hapa Kajiado kwa rafiki, nakula na nalala. Kuna mambo hatukuyazungumza nikiwa huko, kwa hivyo acha niyaseme hapa.

Baba, ulinikuta stoo ya dawa. Unakumbuka nilikuwa nimepanga vichupa vyote sakafuni na nilikuwa nasoma lebo kwa sauti, na hapo nje watu zaidi ya arobaini wanangoja. Mimi sikumbuki kuanza. Nakumbuka tu uliketi chini kando yangu na suti yako ya kanisa, ukachukua kichupa ukakisoma na wewe, ukaniwekea kile kilichofuata mkononi, tukasoma vyote mpaka cha mwisho. Ndipo ukasema twende. Hukunivuta. Nimekuwa nikitaka kukushukuru kwa hilo.

Oscar alikuambia unichukue, kwamba yeye ataendelea. Sote tuliona alivyokuwa. Macho yake yalikuwa kama ya mtu anayetazama kupitia moshi. Tulimwacha hata hivyo, kwa sababu mliona siwezi, na kweli sikuweza. Wiki nne nimelala kwenu, Mama ananilisha kama mgonjwa, na yeye alikuwa peke yake.

Kuntai alipopiga simu kwa duka la jirani yenu kusema Oscar amelala juu ya pikipiki akitoka kliniki na ameanguka korongoni, wewe ulisema hilo si langu, nikae nipone. Nilikujibu maneno makali. Nilisema umenifanya nimwachie mtu mwingine kifo changu. Hiyo haikuwa haki. Lakini kukaa nisingeweza.

Oscar yuko hai. Mguu umevunjika mahali pawili na mbavu pia. Nilimkuta hospitalini hapa Kajiado amelala usingizi mzito, na muuguzi akaniambia tangu aletwe amelala siku nne, anaamshwa kula tu. Alipofungua macho alinitazama akasema, "Munyiva, nimepata ofu." Tukacheka, kisha yeye akalia, na mimi nikalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Pasaka.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu wa wilaya. Nilimweleza kila kitu. Kichupa, maandishi mekundu, siku tatu bila kulala, kwamba nilificha. Sikutaja kwamba wewe ulinishauri. Aliandika yote. Hakupiga kelele. Aliniambia nitaitwa mbele ya kamati, na cheti changu kinaweza kwenda. Kisha akauliza ni siku ngapi tangu nipate mapumziko ya mwisho, na nilipomwambia aliweka kalamu chini. Ameniandikia barua nikamwone daktari wa akili Nairobi kila wiki. Nimeenda mara moja. Mnafikiri nilikuwa naogopa nini? Nilifikiri nitakutana na minyororo. Nilikuta mama mnene ana kikapu cha kufuma, akaniuliza ninaota nini.

Kituo kimefungwa. Juzi nilienda huko kuchukua nguo zangu, na kutoka hapo nikatembea mpaka bomani kwa Nalangu. Nilimwambia ile dawa haikuwa imeharibika. Nilimwambia ingemuua mtoto, na kwamba aliyemponya mtoto ni yeye mwenyewe.

Aligeuka akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa anatambaa hapo kwenye samadi. Halafu akasema, "Nilijua ni mbaya. Niliona uso wako." Nikamuuliza kwa nini basi aliniletea maziwa. Akasema, "Nilikuja kuona kama utaniambia."

Baba, nimekuwa nikifikiria maneno hayo njia yote. Alikuja masaa matatu na mimi sikumwambia.

Sijui kamati itasemaje. Niombeeni.

Binti yenu,
Munyiva


Kituo cha Afya
kupitia duka la Kuntai, Bisil
19 Novemba 2000

Kwa Baba,

Shikamoo. Habari ya Kitengela na mifugo? Huku mvua imenyesha siku nne na hata punda wanaonekana wachangamfu. Barua yangu ya Septemba hukuijibu. Mama aliniandikia mistari mitatu kwamba uko salama ila umekuwa mtu wa kukaa peke yako. Nimengoja, na sasa naona niandike tena.

Kamati iliniita Kajiado mwezi wa Oktoba. Walikuwa watano mezani. Mmoja aliuliza kwa nini wasinifute, maana muuguzi asiyesoma lebo ni hatari. Nilimjibu kwamba ni kweli, mimi nilikuwa hatari, na hatari hiyo ilijulikana na kila mtu aliyetazama orodha ya zamu tangu Februari. Wakaniambia nitoke nje.

Nikiwa kwa benchi niliona akina mama wanaingia langoni, kumi na mmoja, wamevaa shanga zao zote kama wanaenda harusini. Mbele ni Nalangu na mtoto mgongoni. Walikuwa wamelala njiani Bisil. Hawakunifuata mimi. Walikuwa wametoka kumwona mkuu wa wilaya juu ya kituo chao kilichofungwa, wakatumwa kwa daktari mkuu, ambaye alikuwa pale ndani na kamati. Walipewa dakika tano wakakaa saa nzima. Nalangu alisema kwa Kimaasai na karani akatafsiri. Nilikuwa mlangoni nikasikia. Alisema ng'ombe akikamuliwa asubuhi, mchana na jioni atatoa damu, na kwamba wao hawaombi sista mtakatifu, wanaomba sista aliyelala.

Nimepewa onyo la maandishi na litakaa katika faili langu miaka mitano. Cheti kimebaki, na kituo kimefunguliwa tena. Ameletwa muuguzi mwingine, Selpha, msichana wa Kakamega anayeimba akifagia. Oscar amerudi na mikongojo. Masanduku ya dawa wilaya nzima yalikaguliwa, na vituo viwili vingine vilikuwa na vichupa vilivyochanganywa. Fikiria hilo.

Tumefanya mpango wetu hapa sisi watatu. Kila mmoja ana siku moja kwa wiki ambayo hata kituo kikiungua haitwi. Ijumaa saa nane tunafunga mlango nusu saa na kila mtu anasema wiki ilikuwaje. Anayeshindwa anasema leo siwezi, na hakuna anayemuuliza sababu. Wiki ya kwanza tulikaa kama mawe. Wiki ya tatu Selpha ndiye aliyeanza. Wako wagonjwa walionung'unika kuona mlango umefungwa, na siku moja mzee mmoja alitutukana kweli kweli. Nalangu aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyemjibu, sikusikia vizuri alimwambiaje.

Sijapona yote. Bado kuna asubuhi naamka mikono ni mizito. Bado naenda kwa yule daktari Nairobi, sasa mara moja kwa mwezi. Lakini wiki iliyopita alifariki bibi mmoja niliyempenda, na nilienda nyuma nikalia, nikaosha uso, nikarudi.

Sasa nikuulize, Baba, na usipojibu nitaelewa. Kitonga yule wa malaria alikuwa na mke? Alikuwa na watoto?

Binti yako,
Munyiva


Kitengela
14 Januari 2001

Kwa binti yangu Munyiva,

Nakusalimu sana, wewe, na Oscar, na Selpha. Mimi na mama yako tuko wazima. Nyasi zimeota mpaka kwa mlango.

Swali lako lilinikuta nikiwa nimeshaanza kujiuliza. Tangu uliponiandikia habari ya yule mama na maziwa yake, nilishindwa kukujibu kwa sababu sikuwa na la kusema ambalo si uongo. Miezi mitatu nilikaa hivyo. Baada ya Krismasi nilimwambia Kaluki tuvae twende.

Kitonga alikuwa na mke na watoto wawili. Nilijua kwao tangu siku ile, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika anwani walipokuja kuchukua mwili. Ni upande wa Mua, nyumba ya matofali na miti ya maparachichi. Tulimkuta kijana wake, Kivuva, sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na tano, alikuwa anapukuchua mahindi na watoto wake. Alitukaribisha vizuri, akadhani tumetoka kanisani. Tuliletewa chai. Mama yako alinikanyaga mguu ili nianze kabla sijainywa.

Nilimwambia jina langu na kazi niliyofanya. Nilimwambia habari ya majina mawili na chupa moja. Nilisema baba yake hakufa kwa malaria, alikufa kwa damu niliyompa, na mimi ndiye niliyeandika malaria. Sikusema kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimepanga kusema, lakini nilipofika hapo niliona ni yake kuniuliza kama anataka, na si yangu kujitetea.

Aliendelea kupukuchua gunzi moja mpaka likaisha. Aliwaambia watoto wakacheze. Kisha akaniambia, "Mama yangu alikufa mwaka wa tisini na mbili. Alikufa akiamini ni yeye aliyemuua baba, kwa sababu alimchelewesha siku mbili nyumbani akimpa mitishamba."

Munyiva, kwa miaka ishirini na sita nilidhani siri yangu inanila mimi peke yangu. Kumbe kulikuwa na mama pale Mua aliyebeba mzigo wangu kila siku miaka kumi na minane mpaka ukamwingiza kaburini, na ningeweza kuutua kwa maneno dakika kumi. Ni mwendo wa asubuhi moja kutoka pale tulipokuwa tunaishi.

Hakunisamehe. Sitaki ufikiri alinisamehe. Alisimama akatuonyesha kaburi la mama yake, nyuma ya nyumba, akaniambia niseme tena pale. Nilivua kofia nikasema, mwanzo hadi mwisho. Kaluki alikuwa amenishika koti. Nilipomaliza Kivuva alisema dada yake ameolewa Mombasa, atakuja mwezi wa nne, na kwamba yeye pia ana haki ya kusikia kutoka kwa mdomo wangu na si wa mtu mwingine. Aliniuliza kama nitarudi.

Nilimwambia nitarudi. Hatukunywa ile chai.

Mama yako anasema safari hii tusiende wawili. Kama zamu zako zinaruhusu, na kama siku hiyo utaweza, twende na wewe. Kama hutaweza, sema tu.

Baba yako,
Mulinge